Leseni ya Kuficha Bastola

Mora, New Mexico
11 Machi 2018

Kaka Benigno,

Habari za huko kusini? Huku tumeamka wazima, ila baridi imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nyuma ya banda la kuku bado kuna theluji. Siku ya kuzibua mfereji wa maji imepangwa baada ya Pasaka, na safari hii wameniandika mimi, maana shamba la baba halina mwanamume wa kushika sepetu. Binamu Tranquilino alicheka, akasema, "Wewe njoo na maharage, sepetu utaazimwa." Nikamwambia atakayechoka kwanza ndiye atakayeosha sufuria.

Mwanangu Yvette amekuja kukaa nami kidogo, pamoja na bintiye Amalia. Mjukuu wako huyo ametimiza miaka minne, na kuku wote amewapa majina ya mapadri. Mume wa Yvette amebaki Ratón, kikazi. Kazini pale zahanati mafua yamewaangusha wazee wengi, narudi nyumbani miguu imevimba.

Nina swali dogo. Ile rivolva ya baba iliyokuwa kwenye sanduku la mablanketi, ni ya risasi za ukubwa gani? Maandishi ya kwenye mtutu yamefutika. Kuna mbweha anawasumbua kuku.

Mungu akulinde.
Dada yako, Eloisa


Gerezani
29 Machi 2018

Mdogo wangu Eloisa,

Barua yako imenikuta mzima. Bado nafanya kazi ya kufua. Mzee Ocie, ninayelala naye chumba kimoja, anakohoa sana siku hizi, lakini bado ananishinda dama na kunitangazia mbele za watu.

Rivolva ya baba ni thelathini na nane. Sasa nami nikuulize. Baba aliwafukuza mbweha kwa kupiga sufuria na mwiko, na wewe tangu utotoni hukutaka hata kulifungua sanduku lile. Huyo mbweha ana miguu minne au miwili?

Nimepewa tarehe ya kutoka: Novemba ishirini na saba. Bodi ya Parole, wanaotuachilia kwa masharti, inataka anwani ya nyumba nitakayokaa. Nimeandika ya kwako, kama bado unanitaka. Miaka kumi na mbili ni mingi, mtu anaweza kubadili mawazo na sitamlaumu.

Mbusu Amalia. Mwambie kuku mwenye jina la padri haliwi siku ya Ijumaa.

Benigno


Mora
22 Aprili 2018

Kaka,

Mfereji tumeuzibua, na Tranquilino ndiye aliyeosha sufuria. Miaprikoti midogo nyuma ya nyumba ilitoa maua, umande wa barafu ukayaua yote kwa siku moja. Chumba chako nimeanza kukipaka chokaa. Usiniulize tena kama nakutaka.

Ana miguu miwili. Ni Rance, mume wa Yvette. Mwezi wa pili alimvunja kifundo cha mkono kwa mlango wa gari. Sikukuandikia kwa sababu nakujua, ungekaa huko unajipiga kichwa ukutani. Mahakama imetoa amri ya zuio, haruhusiwi kufika nyumbani kwetu wala kumkaribia Yvette. Basi hafiki. Anapita tu barabarani na ile pikapu yake nyeupe, polepole, kioo kimeshushwa. Hatukani, hapigi honi. Anatazama dirisha la jikoni, anapita. Nilimwuliza askari wa kaunti, "Nikiwaita mtachukua muda gani?" Alikuwa mtu mkweli. Akasema, "Barabara ikiwa kavu, dakika arobaini."

Kwa hiyo nimekwenda kusomea leseni ya kubeba bastola chini ya nguo. Ni masomo ya saa kumi na tano, Jumamosi mbili. Tulikuwa watu tisa, wanawake watatu. Mwalimu ni Mama Skeen, askari mstaafu, mfupi, sauti kama mlango wa chuma. Kabla hata hatujaketi alisema, "Aliyekuja hapa ili asiogope tena, arudishiwe ada yake. Hilo sifundishi."

Siku ya kwanza hatukugusa risasi hata moja. Ni sheria tu: nani hapewi leseni, lini sheria inakuruhusu kutumia bastola na lini utakuwa muuaji, nani ana haki ya kukuambia usiingie nayo kwake. Zahanati yetu ina tangazo mlangoni, bastola haziingii. Nikauliza, "Sasa nikiwa kazini itakaa wapi?"

"Ndani ya gari, kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa kwa waya kwenye kiti," akasema. "Si chini ya kiti. Si kwenye kijidroo cha mbele. Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia."

"Wote husema wamenisikia."

Jumamosi ya pili tulikwenda uwanja wa shabaha. Kumbe leseni yenyewe inaandikwa aina ya bastola na ukubwa wake. Nikifuzu kwa rivolva ya baba, siruhusiwi kubeba bastola ya magazini, ile inayojipakia risasi yenyewe. Unapewa risasi ishirini na tano, na kumi na nane lazima ziingie kwenye umbo la mtu wa karatasi. Mara ya kwanza niliingiza kumi na tano. Mama Skeen akaninong'oneza, "Pumzika. Kunywa maji. Rudia."

Kaka, yule mtu wa karatasi hana uso. Mara ya pili nilimpa uso. Ziliingia ishirini na mbili.

Nimeshapeleka alama za vidole na cheti. Nasubiri majibu.

Eloisa


Gerezani
3 Juni 2018

Mdogo wangu,

Barua yako ya Aprili imenifikia juzi. Barua zote husomwa hapa kabla hatujapewa, na walipoona habari za bastola waliishikilia, kisha wakanipa bila ukurasa wa tatu. Kwa hiyo najua ulipewa risasi ishirini na tano. Zilikwenda wapi sijui, na pengine ni afadhali.

Pole kwa mkono wa Yvette. Nimekaa na habari hiyo siku mbili bila kula vizuri. Mzee Ocie aliniuliza kama nimefiwa.

Sikukatazi. Kaka aliye umbali wa saa sita, ndani ya seng'enge, atakukatazaje? Fuata kila alichosema huyo mwalimu, hasa habari ya kisanduku.

Kuna jambo lingine. Chokaa acha. Nimefikiri, naona nikitoka nikae Albuquerque. Kuna hosteli ya kanisa inayopokea watu wetu wanaotoka gerezani, na jirani yake kuna fundi wa matairi anayetafuta mtu. Mora hakuna kazi. Nitakuja kuwaona sikukuu zikifika.

Tafadhali usikasirike.
Benigno


Mora
15 Julai 2018

Kaka Benigno,

Salamu kutoka kwa Amalia, ambaye amemzika Padri mmoja chini ya waridi baada ya kuliwa na mbweha wa kweli. Mvua za Julai zimeanza, mahindi yanasimama vizuri.

Leseni imefika. Rivolva nimeishonea ala ya ngozi, naivaa upande wa kulia chini ya shati la kazi. Nilidhani mzigo utakuwa kiunoni. Uko shingoni. Zamani nilikuwa naogopa pikapu nyeupe peke yake. Sasa naogopa kila mlango unaofunguliwa nyuma yangu. Wiki iliyopita dukani nilikuwa nachagua unga, mtu akanishika bega kwa ghafla. Mkono wangu ulifika kwenye mpini kabla sijajua umetoka wapi. Alikuwa Don Secundino, yule mzee kiziwi, anataka nimsomee bei. Nilimsomea. Nikatoka nje, nikakaa kwenye kizingiti, unga nimeuacha ndani. Sijamwambia mtu.

Juzi nilipigiwa simu na afisa wa parole, mwanamke mwenye adabu. Akasema, "Bwana Benigno aliandika anwani yako, kisha akaifuta. Nataka kujua tu, ni kwa sababu ya silaha?"

"Silaha gani?"

"Mtu wa parole haruhusiwi kukaa kwenye nyumba yenye bastola, mama. Hata ikiwa si yake, hata ikiwa ina leseni. Nilidhani amekueleza."

Hukunieleza. Umenidanganya na fundi wako wa matairi. Ulikaa ukanichagulia bastola badala yako, kana kwamba mimi sina mdomo wa kuulizwa.

Basi na mimi nakuuliza, maana miaka kumi na mbili hakuna aliyethubutu. Ilikuwaje siku ile kituo cha mafuta? Mahakamani ulisema ulikuwa na hasira. Mimi nilikuwa nimekaa benchi ya pili na sikukuamini. Wewe hujawahi kumpiga hata mbwa.

Eloisa


Gerezani
5 Agosti 2018

Eloisa,

Mzee Ocie amepelekwa hospitali, hajarudi. Kitanda chake kimetandikwa.

Fundi wa matairi yupo kweli. Lakini ndiyo, nilikudanganya.

Nitakuandikia, na anayesoma kabla yako na asome. Sikuwa na hasira siku ile. Nilikuwa na hofu. Wiki moja kabla nilikuwa nimeporwa, nikanunua bastola kwa mtu, bila masomo, bila karatasi, nikaipachika kiunoni na kujiona nimekuwa mwanamume. Pale kituoni kijana alinisogelea akasema kitu ambacho sikukisikia vizuri. Orlando Quintana, umri wake miaka ishirini na nne. Nikamwambia asimame. Akacheka kidogo, akatia mkono ndani ya koti. Nilipiga mara mbili. Alikuwa anatoa sigara. Nilichokisikia baadaye kichwani, nilipokaa chini karibu yake, ni kwamba alikuwa ananiomba kiberiti.

Wakili aliniuliza, "Ulikuwa na hasira au hofu?" Mama yake Orlando alikuwa ukumbini. Niliona haya kumwambia mwanawe amekufa kwa sababu mimi ni mwoga. Nikasema hasira.

Mtu mwenye hasira unaweza kumwona anakuja. Mwenye hofu ni mbaya zaidi, Eloisa, kwa sababu anapiga kitu ambacho hakijatokea. Ukikutana na mwenye hofu aliyeshika bastola, usimfanyie jambo la ghafla. Mwambie kila unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Na akiwa ni wewe mwenyewe, jiambie vivyo hivyo.

Nilifuta anwani kwa sababu nyumba hiyo ina mtoto na mwanamke aliyevunjwa mkono. Mimi ni mtu mzima, hosteli haitaniua. Usinichague.

Benigno


Mora
9 Septemba 2018

Kaka,

Sina maneno mengi. Imeibwa.

Jumatano, kwenye maegesho ya zahanati, mchana kweupe. Kisanduku nilikuwa sijanunua. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Niliiweka chini ya kiti, pale pale nilipoambiwa nisiweke. Kioo kimevunjwa, pochi yangu imeachwa, redio imeachwa. Ni bastola tu iliyochukuliwa. Mwizi wa kawaida haachi pochi.

Nimetoa taarifa. Yvette na Amalia nimewapeleka mahali, sitakuandikia wapi. Nimebaki mimi na kuku. Pikapu haijapita tangu siku hiyo, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

E.


Gerezani
23 Septemba 2018

Eloisa,

Ondoka hapo. Kuku wape majirani. Nenda kwa Tranquilino, nenda kokote. Niandikie hata mstari mmoja.

Mzee Ocie amefariki. Nilitaka kukuambia hilo kwa utulivu, lakini sina utulivu.

Benigno


Gerezani
14 Oktoba 2018

Dada yangu,

Sijapata kitu kutoka kwako. Nimeomba simu mara nne. Mara mbili nilipiga ikaita mpaka ikakatika. Mara mbili foleni ilikwisha kabla ya zamu yangu. Posta ikifika nasimama mlangoni kama mtoto anayesubiri mama.

Bodi wamekaa. Anwani niliyowapa ni ya hosteli. Wanasema inaweza kubadilishwa hadi katikati ya Novemba, lakini hilo halina maana sasa. Niandikie tu.

Benigno


Mora
4 Novemba 2018

Kaka Benigno,

Niko hai. Nianze na hilo ili usisome barua yote ukiwa umeshikilia roho. Yvette mzima, Amalia mzima, amejifunza kufunga kamba za viatu. Pole sana kwa Mzee Ocie. Mlango wa banda la kuku umeng'oka na upepo, Tranquilino ameurudishia. Nilikuwa kwake karibu mwezi mzima, ndiyo maana simu haikupokelewa. Na barua nilizianza tatu, mkono ukakataa.

Ilikuwa Septemba ishirini na moja, Ijumaa, saa tisa mchana. Nilirudi kutoka dukani, nimebeba unga mkono mmoja na mafuta mwingine. Mlango wa jikoni nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Nikaukuta wazi kidogo. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaingia.

Rance alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba. Rivolva ilikuwa mezani, kando ya chupa ya chumvi.

"Mama," akasema, "uliangusha kitu chako."

Nilitaka kukimbia. Mlango ulikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Ndipo nikaona goti lake. Lilikuwa linatetemeka chini ya meza mpaka kifuniko cha chumvi kinagonga. Macho yake yalikuwa mekundu, ndevu za siku nyingi. Nikakumbuka ulichoniandikia. Huyu hakuwa na hasira, kaka. Au alikuwa nayo, lakini juu yake kulikuwa na hofu.

Nikasema, "Naweka unga huu juu ya meza." Nikauweka. "Sasa naweka mafuta."

"Unanitangazia nini kama redio?"

"Ili usishtuke. Umekula?"

Alinitazama kama aliyetukanwa. "Unaniuliza nimekula?"

"Kuna maharage ya jana. Nitageuka kwenye jiko, nitakupa mgongo, nitachukua sahani ya juu."

Alikula kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuacha karibu na bastola. Nilikaa mbele yake, mikono yangu yote miwili juu ya meza, anaiona.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Sikwambii."

"Unajua naweza kukufanya useme."

"Najua. Hiyo ni thelathini na nane, niliijaza mwenyewe. Hata hivyo sikwambii."

Akaendelea kula. Sijui ni dakika ngapi. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yangu na sikuthubutu kugeuka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto aliyenyimwa, "Kwa nini mnaniogopa nyote? Mimi sijaua mtu."

"Ulimvunja mwanangu mkono. Na sasa umekaa nyumbani kwangu na bastola yangu."

"Hii ni ya kwako wewe. Wewe ndiye uliyejifunza kuniua nayo. Mji mzima unajua ulikwenda kule uwanja wa shabaha. Ulidhani mimi nalala?"

Alichosema kilikuwa kweli. Nilimpa uso wake yule mtu wa karatasi. Jibu nililotoa lilitoka lenyewe. Nikasema, "Nami silali, Rance."

Alikaa karibu saa mbili. Aliomba maji, nikamtangazia maji. Mara moja aliishika rivolva, akaigeuza, akauangalia mtutu wake kama mtu anayesoma saa. Nilihisi mkojo unanitoka na ukanitoka kweli, na sikuona haya. Niliendelea kuongea taratibu habari za mahindi, za Amalia kumzika kuku, za chochote. Mwishoni alisimama, akaitia kiunoni, akasema, "Mwambie nilikuja vizuri." Akatoka. Nilisubiri mlio wa pikapu ufifie, ndipo nikawapigia simu askari. Walikuwa tayari kwenye barabara ya darajani kwa ajali ya ng'ombe, kwa hiyo hazikufika dakika arobaini, zilikuwa saba. Walimsimamisha. Aliinua mikono mwenyewe. Mtu aliyewekewa amri ya zuio haruhusiwi kushika bastola hata ya babu yake, na hii ilikuwa ya wizi. Yuko ndani, kesi imekwenda mahakama ya juu, wanasema atakaa miaka. Ngapi, hawajui.

Usije ukaniita jasiri. Nilitapika mpaka jioni. Na usiniambie bastola iliniokoa kwa sababu ndiyo iliyomtia ndani. Nimelipigia hesabu hilo kila upande. Mimi ndiye niliyempa, kwa uzembe wangu, na ni bahati tu kwamba leo sikuandikii kutoka kaburini.

Wiki iliyopita askari alinijia. Akasema, "Kesi ikiisha utarudishiwa silaha yako, mama. Leseni yako bado halali." Nilimwambia waiharibu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimwambia sina hakika, lakini waiharibu. Nimesaini.

Juzi nimempigia yule afisa wa parole, nimebadilisha anwani yako. Hukuulizwa, kama ambavyo mimi sikuulizwa. Jana alikuja kukagua nyumba. Alifungua makabati, akainama chini ya vitanda, akakitazama chumba chako chenye chokaa. Kisha tukaketi kujaza fomu yake. Akasoma, "Je, nyumbani humu kuna silaha ya moto?" Nikajibu, "Hakuna." Akaandika.

Akasoma lingine, "Je, mazingira ya nyumba ni salama?"

Nilitazama barabara. Hakukuwa na kitu. Nikafungua mdomo nikashindwa kumjibu, si ndiyo wala hapana. Alinisubiri, kalamu mkononi. Baadaye akaweka alama mwenyewe kwenye ndiyo, akanigeuzia karatasi nisaini.

Nimesaini hiyo pia. Tarehe ishirini na saba nitakuwa getini kwenu tangu asubuhi.

Eloisa